Sebule Iliyojaa, Sakafu Iliyo Wazi: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Soweto, Moshi

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu sebule moja katika mtaa wa Soweto, mjini Moshi. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa shule za sekondari, alitaka ipambwe kwa kila alichokikusanya katika miaka yake ya kazi. Watoto wake, kwa upande wao, walikuwa wamechanga fedha ili kuta zipakwe kijivu na nyeupe, mapambo yote yaingizwe stoo, na dari ya hadibodi ing'olewe kupisha jipsamu yenye taa za mkanda za bluu. Niliitwa kama mpambaji, na kila upande ulitarajia kwamba nitauunga mkono. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu ugomvi wa namna hii ni wa kawaida katika nyumba za Moshi na Arusha, na kwa sababu kilichoumaliza ni swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: wageni wa nyumba hii, wakija wote kwa pamoja, watakaa wapi?

Nyumba yenyewe ilijengwa miaka ya 1980 kwa tofali za saruji, na ina madirisha ya vioo yenye nondo na wavu wa mbu. Sebule ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7. Dirisha moja linatazama kaskazini, uliko mlima, na jingine linatazama magharibi. Ukuta mrefu wa kusini hauna dirisha, na ukuta wa mashariki una mlango wa kuingilia korido. Naomba msomaji azishike pande hizi, kwa sababu maamuzi mengi yaliyofuata yalitokana nazo.

Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita, alifundisha Newala, Iringa na Tanga kabla ya kurudi Kilimanjaro, na kila kituo kilimwachia kitu: vinyago vya mpingo vya Kimakonde, vikapu vya nyasi za milulu, mikeka ya ukili. Safari za Dar es Salaam zilimpatia picha za kuchorwa za mtindo wa Tingatinga alizozinunua Oysterbay. Kanga zilimjia kama zinavyomjia mwanamke yeyote wa rika lake, nyingine kwa kununua, nyingine kwa zawadi za harusi na ubatizo, nyingine kama sare za misiba. Ongeza picha za mahafali za watoto na wajukuu, vitambaa vya kufuma vya makochi alivyovifuma mwenyewe, na kabati la vyombo lenye vioo ambalo sahani zake hazijawahi kuliwa chakula. Wapambaji wa nje wangekiita chumba hiki cha maksimalizimu, yaani mtindo unaokubali wingi wa rangi, nakshi na vitu, na kuufanya wingi huo kuwa ndio uzuri wenyewe. Watoto walikiita fujo.

Sikuwapuuza watoto. Chumba kilichosha kweli, na mtu alihitaji kupita upande upande kati ya meza ya kahawa na kochi. Ndiyo maana kazi ilianza kwa kutoa kila kitu nje na kukipanga kwenye maturubai uani, ili kila mmoja aone ni nini hasa kilichokuwa kikimkera. Matokeo yaliwashangaza wote wawili, mama na mwanawe wa kwanza. Rundo lililokuwa kubwa na la kuudhi halikuwa la vinyago wala kanga. Lilikuwa la kalenda za benki za miaka iliyopita, chaja ambazo hakuna aliyejua ni za simu gani, mifuko ya dawa, risiti za umeme wa LUKU, mafaili ya pensheni, madumu ya maji, pasi na waya wa ekstensheni uliokuwa ukikatiza chumba kizima. Vitu hivi vyote vilikuwa na kazi, lakini havikuwa na kwao, na kwa kuwa vilitapakaa katikati ya mapambo, mapambo ndiyo yaliyobebeshwa lawama.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mtindo huu na mrundikano, na inafaa kuisema wazi, kwa sababu watu wengi wanaoiga picha za simu huiruka. Sebule tupu inaweza kuvumilia chaja moja juu ya meza, kwa kuwa jicho huiona, huitambua na kuiacha. Katika sebule iliyojaa, chaja hiyohiyo huongezwa kwenye hesabu ya vitu vyote vinavyodai kutazamwa, na chumba kizima huonekana kama hakijafagiliwa. Kwa hiyo mwenye kutaka wingi anahitaji makabati yenye milango mengi kuliko anayetaka utupu. Tulimpa seremala kazi ya kutengeneza kabati refu la mninga la kukaa chini ya ukuta wa kusini, lenye kimo cha sentimeta 75 na kina cha sentimeta 35 tu, milango yake ikiwa haina kioo, na mambo yote ya pensheni, dawa na umeme yakahamia humo.

Mwanawe wa kwanza alikuwa na hoja ya pili, kwamba mapambo mengi ni ya kizamani na nyumba ya kisasa ni nyeupe. Hoja hii ina nguvu mitaani kuliko inavyostahili. Josef Frank, msanifu majengo wa Austria aliyehamia Uswidi miaka ya 1930 na kufanya kazi na duka la Svenskt Tenn la Stockholm, aliwapinga wenzake wa usasa akisema kwamba uso usio na nakshi hulifanya jicho limalizane nao mara moja na kubaki bila utulivu, ilhali nakshi hulipa jicho kazi ya polepole na hivyo hutuliza. Mwaka 1981 huko Milano, kundi la Memphis lililoongozwa na Ettore Sottsass lilionyesha samani za rangi kali na michoro inayogongana, likiwajibu waliochoshwa na vyumba vya kijivu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na kuta za lipu iliyonakshiwa, zenye safu za vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa hadi karibu na dari. Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza huku akipanga sahani zake, alimwambia mwanawe kwamba kumbe yeye ndiye aliyechelewa. Sikuongeza neno.

Hata hivyo, kukubali wingi hakujibu swali la wingi ukae wapi, na hapa ndipo nilipoachana na picha za magazeti ya mapambo ya Ulaya na Marekani. Katika picha hizo mtindo huanzia sakafuni: zulia juu ya zulia, viti vidogo vya miguu, meza za pembeni, vyungu vya maua, vitabu vilivyosimamishwa chini kwa marundo. Ni vyumba vya watu wawili na paka. Sebule ya Mwalimu hupokea jumuiya ya sala kwa zamu yake, watu wanaokuja na viti vya plastiki vya jirani. Mwezi Desemba, ndugu wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza wanaporudi Kilimanjaro kwa Krismasi, hubeba watu ishirini na zaidi. Na msiba ukitokea, Mungu apishe mbali, makochi yote hutolewa nje, sakafu hutandikwa mikeka na magodoro, na wanawake hukaa na kulala humo kwa siku kadhaa. Chumba ambacho hakiwezi kumwagwa nje kwa nusu saa hakifai kuwa sebule hapa kwetu, hata kiwe kizuri namna gani.

Kutokana na hilo niliweka sharti moja, ambalo ndilo lililouongoza mradi wote: mapambo yapande ukutani, sakafu iachiwe watu. Meza ya kahawa ya kioo iliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na stuli zinazoingiliana, ambazo hutolewa chai inapoletwa. Seti ya makochi ilikuwa ya vipande vinne. Kochi la watu wawili likahamia varanda. Kabati la vyombo lenye kina cha sentimeta 60 liliuzwa, na sahani zikapanda kwenye rafu nyembamba zenye vioo juu ya mlango wa korido na pembeni mwake. Zulia lilibaki moja, la kukunjwa. Kabati refu la kusini, mbali na kuficha mafaili, limekuwa meza ya kupangia sufuria za chakula siku za shughuli, jambo ambalo Mwalimu aliligundua kabla hata seremala hajamaliza kulipaka vanishi.

Rangi ya ukuta ndiyo iliyozua mjadala mkali kuliko yote. Nilipendekeza kijani kilichokolea, kinachokaribia rangi ya jani la mgomba lililokomaa. Sababu yake ilikuwa kwenye maturubai uani: vitu vingi vya Mwalimu vilikuwa vya wekundu wa mninga, weusi wa mpingo, manjano ya milulu, na wekundu na weusi wa kanga. Ukuta mweupe huchora mpaka mkali kuzunguka kila kitu kinachotundikwa juu yake, na vitu hamsini kwenye ukuta mweupe ni mipaka hamsini inayopiga kelele kwa wakati mmoja. Kwenye ukuta uliokolea, mipaka ya vitu vyeusi na vya kahawia hulainika, na rangi za joto huonekana mbele kwa sababu kijani ni kinyume cha wekundu. Hata runinga, ambayo ni adui mkubwa wa upambaji wowote, hupungua ukubwa inapokuwa imezimwa.

Fundi rangi aliyafungua makopo, akayatazama, kisha akamfuata mwenye nyumba. "Shikamoo Mwalimu. Samahani mama yangu, rangi hii si itaifanya sebule iwe kama baa?" Mwalimu alimjibu bila kusita: "Marahaba mwanangu. Wewe paka tu. Baa ina bia, hapa kuna Biblia."

Wasiwasi wa fundi haukuwa wa kipuuzi. Rangi iliyokolea ikipakwa kwa mng'ao mkali chini ya taa nyeupe huleta kweli sura ya baa, na kuta za zamani zilizopigwa lipu kwa mkono huonyesha kila tuta zikipakwa rangi inayong'aa. Rangi isiyong'aa nayo hushika alama za mikono na migongo ya viti. Tuliazima dawa kutoka shuleni. Madarasa mengi ya Tanzania hupakwa rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta ili ioshwe, na rangi ya maji sehemu ya juu. Tukafanya vivyo hivyo, rangi ya mafuta hadi kimo cha mita 1.1 na rangi ya maji isiyong'aa kuanzia hapo, ila kwa kijani kilekile juu na chini, hivi kwamba anayeingia haoni mkanda wa darasani bali mabadiliko madogo ya mng'ao. Kazi hii ina mtego wake. Aina mbili za rangi zikichanganywa dukani kwa namba ileile hazitoki sawasawa, kwa hiyo inabidi kila moja ipakwe kwanza kwenye kipande cha hadibodi, ikauke kabisa, kisha itazamwe asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa itakayotumika. Dari ilipakwa rangi ya maziwa, mikanda yake ikiachwa ionekane.

Kutundika kuliamuliwa na jua. Moshi iko kusini kidogo mwa ikweta, hivyo katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, lakini hupita juu sana kiasi kwamba upenu wa paa hulizuia lisiingie kwa dirisha la mlima. Jua la kuogopwa ni la magharibi, ambalo kila alasiri isiyo na mawingu huingia likiwa chini na kuupiga ukuta wa mashariki. Kanga ni pamba nyepesi, na rangi zake hupauka upesi zikipigwa na jua. Kwa sababu hiyo ziliwekwa kwenye ukuta wa magharibi wenyewe, kushoto na kulia kwa dirisha, mahali ambapo mwanga huzipita bila kuzigusa. Ukuta wa mashariki ulipewa vikapu vya milulu, ambavyo kupauka kwake hakuna anayekulilia, na sahani. Vinyago vya mpingo viliwekwa mbali na jua kabisa, kwa kuwa mti huo ukipata joto na ukavu wa ghafla hupasuka.

Kuhusu kanga, mapambo ya siku hizi hupenda kuzikata kuwa foronya za mito. Mwalimu alikataa, nami nilikubaliana naye kwa sababu ya kiufundi zaidi kuliko ya hisia: kanga imechorwa kama kitu kizima, yenye pindo pande zote, mji katikati na jina chini, na ukiikata unabaki na vipande vya nakshi visivyo na mwanzo wala mwisho. Tulizitundika nzima kwenye fito za mbao, mbili kwa wakati mmoja, nyingine zikisubiri zamu sandukuni. Uchaguzi wa zipi zianze ulichukua muda mrefu kuliko kupaka rangi. Maneno ya kanga hayaachi kusomwa kwa sababu tu yametundikwa, na mgeni anayeketi mbele ya "Hasidi hana sababu" kwa saa nzima anaweza kuondoka akijiuliza kama ameambiwa yeye. Mkamwana wa nyumba, aliyekuja kutoka Njiro, Arusha, kuona kazi, ndiye aliyeomba kwa adabu zote kwamba ile irudi sandukuni. Ilirudi.

Ukuta wa kusini ndio uliobeba uzito. Badala ya kupiga misumari, ambayo hupasua lipu ya zamani na kuacha mashimo kila picha inapohamishwa, tulifunga ubao mwembamba wa mninga chini kidogo ya dari kwa drili na skrubu, na picha zote zikaning'inia kutoka kwenye ubao huo kwa waya. Picha za Tingatinga za Mwalimu zimechorwa kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta, kama alivyofanya mwasisi wa mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyetumia rangi za baiskeli, kwa hiyo hazihitaji kioo na hufutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kasoro yake ni kumeta. Zikitazamana na dirisha la kaskazini, mtazamaji huona dirisha badala ya twiga. Waya ulisaidia, kwa sababu picha iliyoning'inizwa kwa waya inaweza kuinamishwa mbele kidogo kwa juu, na mwako ukaelekea sakafuni. Nyuma ya kila fremu tuliweka vijiti vya mbao vya unene wa sentimeta moja ili hewa ipite, maana masika ya Moshi, kuanzia Machi hadi Mei, huotesha ukungu nyuma ya chochote kilichobanwa ukutani.

Picha za familia zilikuwa na fremu za kila namna, nyingi za plastiki ya dhahabu. Binti alitaka zote zibadilishwe ziwe nyeusi. Tulibakiza fremu, tukabadilisha karatasi ya kuzungushia picha ndani ya kila fremu iwe ya rangi moja ya maziwa, na tofauti za fremu zikageuka kuwa utajiri. Mpangilio wote ulifanyiwa kwanza majaribio juu ya mkeka, picha kubwa zikianza, nafasi kati ya fremu ikiwa sentimeta 5 hadi 8. Kimo kilipimwa kwa mtu aliyekaa, kwa kuwa hii ni sebule na watu hukaa.

Taa nitazipitia kwa haraka. Balbu moja nyeupe ya Kelvini 6,500 (Kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga) katikati ya dari iliondolewa, na mahali pake zikaja taa kadhaa za chini za Kelvini 2,700, zenye mwanga wa manjano, mbili zikiwa ndani ya vikapu vya milulu vilivyogeuzwa. Vikapu hivyo vinafaa kwa balbu za LED pekee, kwani balbu za zamani za nyuzi hupata moto wa kutosha kuunguza milulu. Fundi umeme aliongeza soketi ukutani, na ekstensheni ikaondoka sakafuni.

Makochi yalivalishwa kitambaa kizito cha pamba cha kahawia kilichokolea, kisicho na nakshi hata moja, chenye zipu ili kifuliwe. Vitambaa vya kufuma, ambavyo binti alidhani ndivyo vya kwanza kwenda stoo, vilirudi juu yake. Kwenye makochi ya zamani ya maua maua ufumaji wake haukuonekana. Juu ya kahawia tupu kila tundu linahesabika. Nakshi huhitaji jirani aliye kimya, na hii ni kanuni ambayo ningependa wapambaji wetu waishike kabla ya kukimbilia kununua chochote.

Idadi ya vitu vilivyobaki wazi iliamuliwa na usafi. Mjukuu anayeishi na bibi yake hufuta vumbi kila Jumamosi, na kiangazi cha Moshi kina vumbi la kutosha. Chochote ambacho hakikuweza kufutwa naye kabla ya chakula cha mchana kiliingia nyuma ya kioo au sandukuni. Korido iliachwa ya rangi ya maziwa, bila kitu ukutani isipokuwa kioo cha kujitazamia.

Baada ya kazi kukamilika, jumuiya ilikutana humo na viti vyote vya plastiki vilienea bila mtu kukaa mlangoni. Mwanawe wa kwanza anakubali kwamba chumba kimekuwa kikubwa zaidi, ingawa bado anasema ni cheusi mchana wa mawingu, na kwa miezi ya Juni na Julai ana haki kusema hivyo. Pazia la dirisha la magharibi bado linahitaji bitana. Kuhusu jipsamu, Mwalimu amekwishaziingiza fedha zake kwenye kuezeka upya jiko la nje, na mwanawe amearifiwa.